Magoti ya Saa Tisa

Kabla ya vitabu, kabla ya kuhangaikia shahada ya pili na ya tatu, nunueni saa ya mkononi. Najua simu zenu zina saa. Lakini ukitoa simu mbele ya mgonjwa, yeye anaona unasoma ujumbe wa mtu mwingine, na kuanzia hapo anakujibu nusunusu. Saa ya mkononi unaitupia jicho mara moja, unaandika, unaendelea kumsikiliza. Mimi nilifanya utafiti wa magonjwa ya viungo kwa zaidi ya miaka thelathini, Bukoba na Muleba, na kosa langu kubwa kuliko yote lilitokana na kutoandika saa. Nitawaeleza, ila sitakwenda moja kwa moja, maana mzee aliyestaafu ana haki ya kuzunguka kidogo.

Siku hizi naishi Kashozi, kwenye kibanja alichoniachia baba. Asubuhi napogoa migomba na kuangalia mibuni, jioni nasoma tasnifu za wanafunzi ambao hunitumia kwa heshima zote kisha wanakasirika nikizisoma kweli. Zina michoro mizuri, siku hizi hata rangi zimo. Sijaona hata moja iliyotaja kama mgonjwa alikuwa amekaa au amesimama alipoulizwa maswali, au kama mama mkwe wake alikuwa pale pembeni anasikiliza. Mnanicheka. Subirini.

Ugonjwa nilioutafiti ni baridi yabisi. Watu wetu wanaita kila maumivu ya viungo baridi yabisi, na ukianza kubishana nao kuhusu jina utazeeka hujapima mtu. Ninaousema mimi ni ule ambao kinga ya mwili, iliyowekwa itulinde, inageuka na kushambulia viungo vyetu wenyewe. Unaanza kwenye viungo vidogo vya mikono na miguu, mara nyingi pande zote mbili, na unawapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Usipotibiwa mapema unakula mfupa, na mfupa ukishaliwa haurudi. Alama yake kubwa ni asubuhi. Mgonjwa anaamka amekakamaa, vidole havifungi, magoti hayakunjiki, na inaweza kuchukua saa nzima, mbili, hata tatu kabla ya kulegea. Mchana unamkuta anatembea, unadhani wa asubuhi alikuwa mtu mwingine. Likumbukeni hilo la mchana.

Aliyenifundisha kazi hii si profesa. Maprofesa walinifundisha kuandika. Kazi nilifundishwa na muuguzi aliyeitwa Speciosa, mwanamke mfupi wa Muleba, asiyecheka ovyo, ambaye alikuwa kwenye timu yetu tangu siku ya kwanza na alikuwa na tabia ya kusoma fomu zangu akiwa amekunja uso. Wiki ya kwanza aliniona namwuliza mama mmoja, "Panauma wapi?" na mama anajibu kwa heshima ya Kihaya, "Hapaumi sana, waitu." Speciosa akanivuta pembeni.

"Usiulize," akasema. "Mshike mkono kama unamsalimia. Kisha finya polepole hapa, kwenye mafundo ya vidole, huku unamtazama usoni. Mdomo wa mwanamke wa huku utakuambia hapaumi hata nyumba ikimwangukia. Macho hayajazoea kudanganya."

Nimefinya mafundo ya vidole kwa namna hiyo mpaka nilipostaafu. Hata msibani nikipeana mkono na watu najikuta nafinya, mke wangu ananigusa kwa kiwiko.

Nina makosa mengi madogo, na sioni haya kuyasema. Mara ya kwanza kwenda kisiwa cha Goziba kuchukua damu za wavuvi, barafu yetu iliyeyuka kwenye boti kabla hatujafika. Nikaomba barafu kambini. Wavuvi ni watu wakarimu, walinipa ndoo nzima, ileile wanayolazia sangara. Nikazika chupa za damu humo, nikafunga boksi, nikajiona mjanja. Damu inapozwa, haigandishwi. Mimi niliigandisha mpaka chembe zikapasuka. Tulipofungua boksi maabara, harufu ikajaa chumba kizima, na fundi wa maabara akaniuliza kama nimeleta vipimo au mboga. Tangu siku hiyo naweka kitambaa kikavu kati ya barafu na chupa, na nyinyi wekeni.

Nilirudi Goziba tena, na kitambaa changu. Safari hiyo damu ilifika salama, na majibu yakanipandisha kichwa. Wavuvi wengi walikuwa na ile kingamwili tunayoitafuta kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Nikaanza kuandika makala, nimegundua kisiwa kizima cha wagonjwa, tayari najiona nimealikwa kuhutubia nchi za nje. Speciosa akaisoma amesimama.

"Hawa si ndio wanaovuta nyavu?"

"Ndio hao."

"Alfajiri?"

"Kila siku."

"Basi wagonjwa wako wana afya kuliko wewe, Daktari."

Alisema kweli. Malaria, kichocho na maambukizi mengine ya muda mrefu yanaweza kukidanganya kipimo kile kikasema ndiyo kwa mtu ambaye viungo vyake havina neno. Karatasi ya maabara ni shahidi mmoja tu, na shahidi mmoja hatoshi. Ile makala niliichana, na bado inaniuma kidogo maana utangulizi wake ulikuwa mtamu.

Sasa nifike kwenye lile nililowaitia.

Tulipoanza utafiti wa vijijini tulipewa fomu iliyotoka ng'ambo. Ilimwuliza mgonjwa kama anaweza kufungua mlango wa gari, na kama anaweza kukata nyama kwa kisu na uma. Hebu nenda Ngenge, ndani kabisa Muleba, ukamwulize mkulima swali hilo. Nikasema fomu hii tutaitengeneza upya, na tuliitengeneza. Tuliweka kuchota maji, tuliweka kumenya ndizi, na mimi mwenyewe nikabuni swali nililojivunia kuliko yote: kupiga magoti. Kwetu Kagera, mwanamke hupiga magoti anapomsalimia mgeni au mkubwa wake. Nikaona kipimo kimo ndani ya mila yenyewe, wala hakuna haja ya kuuliza. Unafika kwa watu, unasalimiwa, unatazama goti linavyokunja na mtu anavyoinuka, unaweka alama ya vema. Wenzangu walinipongeza. Nilipigiwa magoti tangu nilipoonekana nitasoma nikawa mtu, kwa hiyo sikuwahi kujiuliza lolote kuhusu jambo hilo. Mtu hakagui kile anachopewa bure kila siku.

Kwenye kijiji kimoja cha Ngenge tulifika kwa mwanamke aliyeitwa Kokushubila. Watu walimwita Koku. Alikuwa kijana bado, watoto watatu, wa mwisho ananyonya. Aliishi na mumewe Deusi kwenye mji wa mama mkwe wake, Ma Justa, mjane aliyeuendesha mji ule kwa macho tu. Speciosa siku hiyo alikuwa na kundi jingine. Ilikuwa saa tisa mchana. Saa hiyo niliijua baadaye kwa kumwuliza dereva, kwa sababu kwenye fomu hatukuwa tumeacha nafasi ya kuiandika.

Koku alitoka nyuma ya nyumba, akapiga magoti vizuri kabisa, akanisalimia kwa Kihaya kwa sauti ya chini, akainuka bila kushika chochote. Nikaweka vema. Nikamwuliza kama asubuhi anapata ukakamavu wa viungo. Akatazama upande wa mama mkwe wake, akasema, "Kidogo." Nikaandika kidogo. Mkono wake niliufinya, nakiri, kwa haraka, maana tulikuwa na nyumba nyingine nne kabla ya giza. Nilipokuwa naondoka Deusi alinifuata hadi kwenye gari.

"Daktari, mke wangu je?"

"Mzima kabisa," nikasema, nikapanda.

Maneno mawili. Niliyasahau kabla hatujafika barabara kubwa.

Ilipita karibu miezi kumi na moja. Speciosa alikwenda zahanati ya kule kwa kliniki yake, akarudi Bukoba, akaingia ofisini kwangu bila kubisha hodi.

"Kule Ngenge kuna mwanamke anarudishwa kwao," akasema. "Ukoo unakaa Jumamosi. Wanasema ana kiburi. Mchana anapiga magoti, asubuhi anakataa. Mama mkwe akiamka anamsalimia amesimama."

Sikuelewa bado. Yeye alikuwa ameshalitoa faili, akaliweka mbele yangu na kidole juu ya mstari wangu wa magoti.

"Hii vema yako ni ya saa ngapi?"

Nilitafuta. Hakukuwa na saa. Nilitafuta upande wa pili wa karatasi pia, kama mtu anayetafuta ufunguo mahali anapojua hakuuweka.

"Na watoto?" nikauliza.

"Watoto ni wa ukoo. Watabaki."

Nilikuwa na mkutano wa wafadhili Jumamosi hiyohiyo. Sikwenda. Nilipiga simu nikasema nina msiba, na kusema kweli sikuona kama nadanganya sana.

Tulilala zahanati, na Jumamosi tukatoka ukungu ukiwa bado haujapanda. Tulimkuta Koku jikoni, amekaa kwenye kigoda, mikono yote miwili ndani ya beseni la maji ya moto. Alikuwa ameamka kabla ya wote kuwasha moto. Hakuinuka.

"Daktari, unisamehe," akasema. "Siwezi kukusalimia vizuri mpaka jua lipande."

Niliona aibu, ile ya kweli, ya kutamani ardhi inimeze. Nikachuchumaa, nikaomba aitoe mikono majini. Mafundo yalikuwa yamevimba kulia na kushoto, laini, ya moto. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kuelemea upande wa nje. Sikukumbuka kuviona hivyo miezi kumi na moja kabla, na hata kama vilikuwa hivyo nisingeviona, kwa jinsi nilivyokuwa na haraka. Ugonjwa ulimwanza miezi michache baada ya kujifungua yule wa tatu. Una tabia hiyo, muiandike.

"Hiyo ndiyo fomu," Speciosa akaniambia. "Isome sasa."

Wazee walikuwa wanafika. Waliwekewa mabenchi uani, Ma Justa akakaa kwenye mkeka wake, na kahawa ya kutafuna, akamwani, ikapitishwa kwenye kikapu kidogo kama inavyopasa. Mwenye kikao alikuwa Ta Rwegasira, baba mdogo wa Deusi, mzee wa maneno machache ambayo aliyarudia mara nyingi. Alishangaa kutuona lakini mgeni hafukuzwi. Akafungua.

"Jambo ni fupi. Huyu mwanamke ana kiburi. Mchana anapiga magoti kuliko binti yeyote wa hapa. Asubuhi anamsalimia mama yake amesimama kama askari. Ndizi hamenyi mpaka jua liwe juu. Kuni za mama anazimaliza, hatujui anapika nini usiku. Tukasema labda ni mgonjwa. Daktari wa Bukoba alikuja, akampima, akasema mzima kabisa. Deusi alisikia kwa masikio yake. Kwa hiyo si ugonjwa. Ni tabia."

Deusi alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Ndipo nilipojua kwamba ule ushahidi wote waliokuwa nao juu ya Koku, uliokata shauri, ulikuwa wangu.

Nikasimama. "Wazee wangu, daktari huyo ni mimi. Nilikosea."

Sisi Wahaya mnatujua, tunapenda msomi kuliko tunavyopenda samaki, na msomi anayesema amekosea hatumwelewi haraka.

"Ulikosea vipi," Ta Rwegasira akauliza, "na wewe una shahada tatu?"

"Ndizo zilizonikosesha, Ta."

Mzee mmoja wa nyuma akacheka, na hilo likanisaidia. Nikawaambia ugonjwa huu unakaa asubuhi, na mimi nilikuja mchana. Nikawaambia sitaki waniamini, maana waliniamini mara ya kwanza na tumeona faida yake. Nikaomba kitu kimoja: kisu na mkungu wa ndizi. Koku ajaribu kumenya sasa hivi. Akishindwa, tukae, tumsubiri, kila mtu aone kwa macho yake ni saa ngapi mikono itafunguka. Nikatazama saa yangu nikaisema kwa sauti: saa moja kasoro dakika kumi.

Koku akapewa kisu. Kikaanguka. Akakiokota kwa viganja viwili, kikaanguka tena.

"Anajifanya," Ma Justa akasema.

"Mshike mkono, Ma," Speciosa akamwambia.

Ma Justa akaushika, akauachia. "Ni wa moto kwa sababu umetoka kwenye maji."

"Sawa. Basi tusubiri upoe."

Tukasubiri. Kahawa ikapita tena. Ta Rwegasira akanung'unika kwamba ameitwa kwenye kikao na sasa anaangalia ndizi, lakini hakuondoka. Baada ya nusu saa Ma Justa akanyoosha mkono bila kuambiwa, akaushika ule mkono wa Koku, safari hii akakaa nao. Bado ulikuwa wa moto. Akaushika wa pili. Saa mbili Koku alijaribu tena, akamenya nusu ya ndizi, akaishia hapo, jasho linamtoka juu ya midomo. Niliona wazee wawili wameacha kutafuna. Nilitaka kumwambia basi, yatosha, tumeona. Speciosa akanitazama nikanyamaza. Koku mwenyewe ndiye aliyesema, bila kumtazama mtu, "Nitaimenya. Hata kama ni saa sita, nitaimenya."

Saa tatu na dakika ishirini alimenya ndizi ya kwanza nzima. Ya pili ikaenda haraka kidogo. Ya tatu, ya nne. Alipofika ya sita aliweka kisu chini, akaenda mbele ya mama mkwe wake, akapiga magoti, polepole, akishika ardhi kwa mkono mmoja.

"Kila siku ni hivi?" Ma Justa akauliza.

"Kila siku, Mama."

"Mbona hukusema?"

"Nilimwambia daktari kidogo. Yeye akasema mzima. Nikafikiri labda kweli ni mimi tu, ni uvivu."

Nimesikiliza hukumu nyingi juu ya kazi yangu, za wakaguzi wa makala wasiojulikana majina na wenye roho mbaya. Hakuna iliyonifika kama hiyo.

"Miezi yote hii," Ma Justa akasema, akiwaambia wazee na si Koku, "nilikuwa naamka kabla ya jua ili nimkamate." Kisha akamgeukia. "Basi. Kuanzia kesho utanisalimia mchana."

Ta Rwegasira akakohoa, akatangaza kikao kimekwisha, akaongeza kwamba ndizi zilizomenywa zisiachwe zikawa nyeusi. Zikapikwa, na maharage, tukala.

Baada ya chakula Ma Justa alinitaka nimweleze ugonjwa wenyewe. Nikamwambia mwili una mbwa anayelinda mji, na kwa Koku mbwa huyo amegeuka anamwuma mwenye nyumba.

"Mbwa wa hivyo kwetu anauawa."

"Huyu haiwezekani kumwua, Ma. Tunamfunga. Ila akifungwa, wezi wengine wanaweza kuingia, kwa hiyo Koku akipata homa au kikohozi msikae naye nyumbani. Mleteni zahanati siku hiyohiyo."

"Na kamba hiyo ni dawa gani?"

Hapo, vijana, sikilizeni vizuri, maana hapa watu wanakufa. Dawa tuliyompa inamezwa mara moja kwa wiki. Si kila siku. Mgonjwa akiimeza kila siku, kwa kudhani akizidisha atapona upesi, inaua. Kuandika kwenye bahasha hakutoshi. Speciosa alikuwa na njia yake: aliifunga dawa kwenye jambo ambalo mgonjwa halisahau. Kwa Koku ilikuwa Jumapili baada ya misa, na mtunza dawa akawa Ma Justa mwenyewe, aliyeifungia kwenye kasha pamoja na rozari yake. Kulikuwa na neno jingine gumu. Dawa ile haipatani na mimba hata kidogo, na kumwambia hivyo mama mkwe wa Kihaya mwenye wajukuu watatu tu ni kazi inayotaka moyo. Nilijiandaa kwa hotuba. Ma Justa akanikata: "Watatu wenye mama wanatosha."

Miezi ya kwanza, wakati dawa kubwa haijaanza kufanya kazi, tulimpa pia vidonge vya steroidi kwa kipimo kidogo. Mashavu yakajaa. Kijiji kizima kikasema amenawiri, na wanawake wawili wakaja kuniomba za kwao. Niliwafukuza kwa upole. Mashavu yale ni ya mkopo, na mifupa ndiyo inayolipa. Mkitoa steroidi, toeni kidogo, kwa muda mfupi, na muwe na tarehe ya kuacha kabla hamjaanza.

Dawa zenyewe hazikuwepo zahanati. Kila mwezi nilizipeleka au kuzituma kwa mtu, na damu yake tukaipima kuangalia hali ya ini na chembe, mvua inyeshe isinyeshe. Wenzangu walisema mtafiti hatakiwi kumng'ang'ania mgonjwa mmoja. Nikawaambia mimi sing'ang'anii mgonjwa, nasahihisha fomu. Na kweli nilizisahihisha. Nilichora kwa rula safu mpya pembeni ya kila fomu, nikaandika juu yake SAA, kisha tukarudi kwa kila mwanamke ambaye hatukuweza kuthibitisha alionwa saa ngapi. Kila mmoja. Asubuhi. Kiangazi kizima tuliamka kabla ya kuku, dereva akatishia kuacha kazi, wafadhili wakaandika barua zenye maneno ya adabu na hasira ndani yake. Tulikuta wengine kama Koku. Niliandika matokeo, na kosa nikaliandika humo kwa jina langu, kwenye ukurasa wa kwanza, si kwenye tanbihi. Rafiki yangu mmoja aliniambia nimejiharibia. Huenda. Lakini wale wanawake walipata dawa wakiwa bado na vidole vilivyonyooka.

Koku alipona kadiri ugonjwa huu unavyoruhusu. Miezi minne baadaye alikuwa anamenya ndizi saa moja asubuhi, na mafundo yakapoa. Ila vile vidole viwili vya mkono wa kulia havikurudi. Mfupa ulikuwa umeshaliwa. Vimelalia upande hadi leo. Nimevifikiria kuliko makala zangu zote. Speciosa aliwahi kuniambia niache kujitesa. Nikamwambia sijitesi, najikumbusha. Alifariki mwaka ule niliostaafu, na mazishini nilifinya mikono ya ndugu zake wote, na wawili niliwaambia waje kliniki.

Msimu uliopita chuo kiliniomba nimpeleke vijijini mtafiti mpya, binti aitwaye Editha, mwerevu, mwenye fomu kwenye tableti. Nikampeleka Ngenge. Nilihakikisha tunafika mapema. Ma Justa bado yupo, mzee sana, amekaa mlangoni na blanketi lake. Koku alitoka kibanjani na mkungu kichwani, akautua, akachukua kikapu kidogo mlangoni, akaja akapiga magoti mbele yetu kwa urahisi, na mkono wa kulia, wenye vile vidole viwili, ukatunyooshea kikapu cha akamwani. Nilichukua punje zangu kwa mikono miwili.

Editha alikuwa ameshagusa kioo chake.

"Umeandika nini, mwanangu?" Koku akamwuliza, bado yuko chini.

"Kwamba magoti ni mazima, Mama."

"Na saa?"

Editha akanitazama. Mimi nikatazama migomba.

"Andika na saa," Koku akasema, anatabasamu. "Huyu mzee alisahau siku moja." Akainua mkono wake wa kulia, ili binti auone vizuri.

Editha akaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta simu. Nikavua saa yangu, nikampa. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi.